Mtu Asiyeulizwa Bunduki Inapoingia Nyumbani

Mwaka 2023 kituo cha utafiti cha Pew kiliwahoji Wamarekani kuhusu bunduki, na ndani ya majibu yao kuna pengo linalostahili kutazamwa kwa makini. Watu wazima waliosema wana bunduki yao wenyewe walikuwa asilimia 32. Waliosema wanaishi katika nyumba yenye bunduki, iwe yao au ya mwingine, walifika takribani wanne kati ya kumi. Katikati ya hesabu hizo mbili wamo mamilioni ya watu wazima wanaolala, wanaopika na kulea watoto mahali penye silaha ambayo si yao. Na kwa kuwa umiliki ulikuwa asilimia 40 kwa wanaume na asilimia 25 kwa wanawake, si kazi ngumu kubashiri mtu huyo wa katikati ni nani mara nyingi. Ni mke. Asilimia 72 ya wamiliki walitaja ulinzi kuwa sababu kubwa ya kuwa na silaha, maana yake mume anaponunua bastola husema anamnunulia mkewe usalama. Lakini kati ya kununuliwa usalama na kuulizwa kama unautaka usalama wa namna hiyo, pana umbali mkubwa.

Marekani ina desturi nzima ya kumwingiza mwenza katika mambo ya bunduki, na wakufunzi wake wameyafikiria mengi. Mgeni aanze na bunduki ndogo ya kipenyo cha .22, ambayo teke lake ni jepesi, asipewe bunduki nzito ya marisau ili watu wapate kucheka ikimsukuma nyuma. Masikio yazibwe vizuri, kwa sababu mlio wa bastola huzidi desibeli 140, na kiwango hicho chaweza kudhuru usikivu kwa mlio mmoja tu. Macho yavishwe miwani. Afundishwe kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, aliyewahi kuwa ofisa wa kikosi cha Marine: ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeshalenga, na ujue unalenga nini na nyuma yake kuna nini. Na zaidi ya yote, mume asijitwike ualimu. Wanaomfahamu mtu aliyewahi kumfundisha mkewe kuendesha gari watalielewa shauri hilo bila maelezo. Ushauri wote huu ni wa busara na sina ugomvi na hata mstari mmoja wake. Kinachonisumbua ni pale unapoanzia. Unaanzia mahali ambapo silaha imeshanunuliwa na uamuzi umeshapita, na kazi iliyobaki ni kumfanya mwenza aizoee, na ikiwezekana aipende.

Nadhani mpangilio huo umekaa kichwa chini. Mwenza angepaswa kuingizwa kwenye uamuzi kabla ya kuingizwa kwenye uwanja wa shabaha, akiwa na haki kamili ya kusema hapana. Akikubali, somo lake la kwanza liwe mamlaka juu ya silaha yenyewe: funguo ziko wapi, namba ya siri ya sefu ni ipi, nani anaweza kuamua kwamba kitu hiki kitoke nyumbani leo. Ustadi wa kulenga uje baadaye, kama utakuja. Nasema hivyo kwa sababu ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba mtu asiye na bunduki anayeishi na mwenye bunduki hubeba sehemu kubwa ya hatari yake. Anayebeba hatari ana haki ya kuwa na sauti.

Ushahidi mzito zaidi unatoka California, jimbo ambalo huweka kumbukumbu za mauzo halali ya bastola, na kwa hiyo watafiti wanaweza kujua nani alinunua na lini. David Studdert wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia watu wazima milioni 17.6 tangu mwaka 2004 hadi 2016. Wote hawakuwa na bastola zao, ila baadhi yao walianza kuishi na mtu mwenye bastola, mara nyingi kwa sababu mwenzao wa nyumbani aliinunua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Annals of Internal Medicine. Waliokuwa wakiishi na mwenye bastola waliuawa kwa kiwango kilichozidi mara mbili ya kile cha majirani zao wasioishi na silaha. Kwa kuuawa kwa risasi na mume, mke au mpenzi, tofauti ilifika mara saba, na katika vifo vya aina hiyo asilimia 84 ya waliouawa walikuwa wanawake. Je, bastola iliwakinga angalau dhidi ya mgeni anayevamia nyumba? Watafiti waliitafuta kinga hiyo hawakuiona. Waliokaa na wenye bastola hawakuuawa nyumbani na wageni kwa kiwango kidogo kuliko wengine.

Haki inataka hesabu hizo zisomwe pamoja na ukubwa wake halisi, jambo ambalo wapinzani wa bunduki huliruka kwa urahisi. Mauaji ya nyumbani ni nadra hata Marekani. Ukichukua watu 100,000 wanaoishi na mwenye bastola na kuwafuatilia kwa miaka mitano, wapatao 12 watauawa kwa risasi. Katika 100,000 wasioishi na mwenye bastola, watakuwa 8. Hiyo ndiyo tofauti, watu wanne katika laki moja. Familia nyingi zenye bunduki zitaishi na kuzeeka bila mkasa, na mume anayeweka bastola kwenye droo ya kitanda si muuaji anayesubiri siku yake. Lakini mizani hiyohiyo lazima itumike upande wa pili. Mvamizi mwenye nia ya kuua, anayeingia usiku ukiwa umelala, naye ni nadra. Mnunuzi anayeona hatari ya kwanza ni ndogo mno kuijali, kisha anaona ya pili ni kubwa kiasi cha kununulia silaha, ana mizani inayoelemea upande mmoja.

Yapo mabishano ya kweli kuhusu tafiti za namna hii, na kongwe kati yake linahusu chanzo na tokeo. Arthur Kellermann alipochapisha mwaka 1993 utafiti uliosema kuwepo kwa bunduki nyumbani kunaongeza uwezekano wa mauaji humo mara 2.7, aliambiwa kwamba amegeuza mambo: watu wanaoishi katika hatari ndio wanaonunua bunduki, kama vile wagonjwa ndio wanaonunua dawa. Hasira ya wanasiasa kuhusu utafiti wa aina hiyo ilizaa mwaka 1996 kifungu cha bajeti kilichojulikana kama Dickey, ambacho kwa miaka mingi kiliiogopesha taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa isigharimie masuala ya bunduki. Hoja ya chanzo na tokeo haikuwa ya kipuuzi. Utafiti wa California umeijibu kwa sehemu, kwa kuwa unawatazama watu kabla na baada ya silaha kuingia, na unalinganisha wakazi wa mtaa uleule. Haujaimaliza kabisa. Hata hivyo mpinzani anayeitumia hoja hii dhidi ya mke anajikuta pabaya. Ikiwa kweli bunduki hununuliwa zaidi katika nyumba ambazo tayari zina ugomvi, basi hizo ndizo nyumba ambazo mke alipaswa kuulizwa kwanza, tena akiwa peke yake.

Jacquelyn Campbell na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwa nini. Waliwachunguza wanawake waliouawa na wenzi wao katika miji 11, wakawalinganisha na wanawake waliopigwa na kuteswa lakini wakabaki hai. Mtesaji kuwa na uwezo wa kuipata bunduki kuliongeza hatari ya mwanamke kuuawa takribani mara tano. Mtu aweza kusema: basi na yeye apewe yake. Utafiti huo uliligusa hilo pia. Katika makundi yote mawili, waliouawa na waliobaki hai, kulikuwa na asilimia 5 hivi ya wanawake waliokuwa wamehama kwa mtesaji na wana bunduki yao, na watafiti hawakuona ushahidi ulio wazi kwamba silaha hiyo iliwakinga. Idadi ni ndogo na jibu si la mwisho. Ila ni mbali sana na uhakika anaouonyesha muuza duka akiwa nyuma ya kaunta.

Kuna hatari nyingine ambayo mazungumzo ya kumwingiza mwenza karibu hayaitaji kamwe. Zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa risasi Marekani kila mwaka wamejiua wenyewe. Mwaka 2021 walikuwa zaidi ya 26,000 katika vifo vipatavyo 48,800. Jaribio la kujiua kwa bunduki huishia kwenye kifo karibu mara tisa katika kumi, wakati njia nyingine nyingi humwachia mtu nafasi ya kuokolewa, na waliookolewa wengi hawarudii hadi kufa. Takwimu zilezile za California, zilizochapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine, zilionyesha kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa risasi mara nane zaidi ya wanaume wasio nazo. Kwa wanawake wenye bastola tofauti ilikuwa mara 35. Miaka miwili baadaye uchambuzi mwingine wa jimbo hilo uliwatazama wanawake wasio na bastola wanaoishi na mwenye nayo, nao walijiua kwa risasi kwa kiwango kilichozidi mara nne cha wanawake wa nyumba zisizo na silaha. Mume anayempa mkewe namba ya siri ya sefu anampa na hatari hiyo pia. Mke anayemwachia mumewe sefu peke yake, katika mwaka ambao mume amepoteza kazi na halali usingizi, anamwachia hatari hiyohiyo. Sisemi watu wasiaminiane. Nasema wanandoa ambao wamezungumza juu ya jambazi kwa saa nzima na juu ya huzuni kwa dakika sifuri, hawajazungumza juu ya bunduki.

Jibu la kawaida kwa yote haya ni neno moja: mafunzo. Mfunze mke vizuri, wanasema, na hatari itapungua. Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na wakufunzi, ingawa nawaheshimu. Mwaka 1995 mtafiti David Hemenway na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya kuwauliza wamiliki kama wamepata mafunzo na wanahifadhije silaha zao. Waliopata mafunzo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, si mdogo, wa kuiacha bunduki ikiwa na risasi na bila kufuli. Huenda mafunzo yaliwapa ujasiri kuliko tahadhari, au huenda waliofunzwa ndio walioinunua kwa ajili ya ulinzi na wakataka iwe karibu. Vyovyote iwavyo, cheti hakikufunga droo. Baadaye Hemenway na wenzake walifuatilia kozi 20 za msingi katika majimbo ya kaskazini-mashariki ili waone kinachofundishwa hasa. Kushika, kupakia na kulenga vilifundishwa. Kozi zilizogusa kujiua au ugomvi wa nyumbani zilikuwa chache mno. Mwanafunzi alitoka akijua namna ya kusimama, hajui kwamba mtu anayelala naye kitanda kimoja ndiye angepaswa kuwa mada ya nusu ya somo.

Hata ustadi wenyewe wa kulenga, ambao ndio kiini cha mafunzo hayo, hupotea pale unapohitajika. Taasisi ya RAND ilipochunguza polisi wa jiji la New York kwa miaka ya 1998 hadi 2006, iligundua kwamba askari waliorushiana risasi na mtu mwenye silaha walimpiga kwa asilimia 18 tu ya risasi walizofyatua. Hao ni watu wa kazi hiyo, wanaopimwa shabaha kila mwaka. Mama aliyefyatua risasi hamsini kwenye karatasi, Jumamosi mchana, mwanga ukiwa mzuri na mkufunzi akiwa pembeni, hana sababu ya kutarajia zaidi ya hapo saa tisa usiku. Na risasi ambazo hazimpati anayelengwa huenda mahali. Nyumba nyingi za Marekani zimejengwa kwa mbao na mbao za jasi, na risasi ya bastola ya milimita 9 hupita ukuta mmoja, ukuta wa pili, na mara nyingi wa tatu bila kusita. Nyuma ya kuta hizo kuna vitanda vya watoto. Kanuni ya nne ya Cooper, ya kujua nyuma ya shabaha kuna nini, ni rahisi kuikariri uwanjani ambako nyuma ya shabaha kuna kilima cha udongo.

Afrika Kusini imetupa mfano ambao dunia nzima iliutazama. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, zikamuua mpenzi wake Reeva Steenkamp. Alidai alidhani ni mvamizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani kwa mauaji, ikisema yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, mfyatuaji alijua kwamba angeweza kumuua. Watu wengi wanakumbuka kilio chake mahakamani. Mimi naona jambo lililosahaulika ndilo zito zaidi: upande wa mashtaka ulionyesha kwamba alipoomba leseni alifanya mtihani ulioulizia mazingira kama yaleyale, lini unaruhusiwa kumpiga mvamizi risasi na lini huruhusiwi, na alijibu sawasawa. Maarifa alikuwa nayo. Tena hata tukiyaamini maelezo yake yote, tunabaki na hali ambayo kila mwenye nyumba angepaswa kuitafakari kabla ya kununua silaha: sauti inayosikika ndani ya nyumba yako usiku, kwa siku nyingi za maisha yako, ni ya mtu unayeishi naye.

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa pili haitoki kwa wanaume. Inatoka kwa wanawake wanaosema bunduki ndiyo kitu pekee kinachosawazisha nguvu kati ya mwanamke wa kilo 55 na mwanamume wa kilo 95. Watengenezaji waliitambua hoja hiyo zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Smith & Wesson ilileta bastola zilizoitwa LadySmith, na tangu hapo soko la wanawake halijaachwa. Siku hizi si matangazo matupu. Utafiti wa Matthew Miller na wenzake ulikadiria kwamba kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 Wamarekani wapatao milioni 7.5 walipata bunduki kwa mara ya kwanza, nusu yao wakiwa wanawake, na mmoja kati ya watano akiwa mtu mweusi. Wengi walinunua katika miezi ya korona na maandamano, wakiwa hawana imani kwamba polisi watafika, au wakiogopa polisi wenyewe. Kwa anayeishi shambani, ambako gari la polisi ni safari ya nusu saa au zaidi, mashaka hayo yana msingi. Mwanamke anayefikia uamuzi huo kwa akili yake, akijua takwimu hizi, hana deni la maelezo kwangu. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwa kura tano dhidi ya nne kwamba katiba inalinda haki ya mtu binafsi kuweka silaha nyumbani kwa kujihami. Haki ni yake kama ilivyo ya mume. Lakini ndiyo maana hasa nasema aulizwe. Hoja ya kusawazisha nguvu inamhusu mwanamke aliyechagua silaha yake. Haimhusu yule ambaye mumewe alirudi na boksi akamwambia kesho tunakwenda uwanjani.

Na katika kusawazisha nguvu, ushahidi hauonyeshi kwamba bunduki ina miujiza. Hemenway na Sara Solnick walipitia mahojiano ya kitaifa ya waathirika wa uhalifu ya miaka ya 2007 hadi 2011, zaidi ya matukio 14,000 ambamo mhalifu na mwathirika walikutana uso kwa uso. Waliojihami kwa bunduki walikuwa chini ya asilimia moja, na baada ya kuitumia waliumia kwa kiwango kinachokaribiana na waliojihami kwa njia nyingine. Gary Kleck, mtaalamu wa uhalifu wa Florida, alikadiria mwaka 1995 kwamba Wamarekani hujihami kwa bunduki mara milioni 2.5 kwa mwaka. Mahojiano ya kitaifa huleta makadirio ya makumi ya maelfu tu. Pengo hilo ni kubwa mno, na ugomvi wake haujaisha hadi leo. Msomaji wa Nairobi naye anaweza kuleta Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, ambapo raia wenye leseni za bastola waliingia pamoja na maofisa wachache wa polisi na kuwatoa watu wengi hai. Ni kweli, na ushujaa wao haupingiki. Lakini Westgate ilikuwa jengo la biashara lililovamiwa na magaidi mchana, na waliofyatua walikuwa watu waliochagua kubeba silaha na kuizoea kwa miaka. Haitufundishi lolote kuhusu droo ya chumba cha kulala.

Nchi kadhaa zimeshaona kwamba mwenza ni shahidi muhimu. Canada, katika sheria ya silaha ya mwaka 1995 iliyozaliwa na mauaji ya wanafunzi wa kike wa École Polytechnique jijini Montréal tarehe 6 Desemba 1989, humtaka mwombaji wa leseni amtaje mwenzi wake wa sasa na yule waliyeishi naye katika miaka miwili iliyopita, na wenzi hao watie saini. Asiyetia saini hana kura ya kuzuia moja kwa moja, ila ofisi ya silaha hupaswa kumjulisha kwamba ombi limeletwa, na akiwa na wasiwasi anapata pa kuusema. New Zealand humhoji mwenzi wa mwombaji kabla ya kutoa leseni. Marekani haina kitu kama hicho katika sheria ya shirikisho. Inacho cha baada ya madhara. Tangu mwaka 1996 mtu aliyehukumiwa hata kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani hupoteza haki ya kuwa na bunduki, na Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama Kuu ilikubali kwa kura nane dhidi ya moja kwamba aliyewekewa amri ya mahakama ya kutomkaribia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Baadhi ya majimbo, California ikiwamo, huruhusu mwanafamilia kumwomba hakimu aziondoe silaha kwa muda. Yote hayo ni mema. Ila yote yanamsubiri mwanamke aumie au aogope kwanza, kisha aende mahakamani dhidi ya mtu anayerudi kulala naye nyumba moja.

Kwa Waswahili walioko Marekani kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni la kisheria kabisa. Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu anaweza kununua bunduki, na mkimbizi aliyepokelewa, kama maelfu ya Wakongo walioletwa Kentucky, Texas na Arizona, naye hakatazwi. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, haruhusiwi na sheria ya shirikisho kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au mojawapo ya vighairi vichache. Kwa hiyo mume mwenye kadi anayempeleka uwanjani mkewe aliye kwenye viza ya masomo, akampa bastola mkononi, anaweza kuwa amemtumbukiza katika kosa linaloweza kumgharimu ukaaji wake, na mwenyewe akawa na lake la kumkabidhi. Huku kwetu nako hali si nyepesi. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti ni cha mtu aliyetajwa. Tanzania nayo ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya mume si leseni ya familia. Mke anayeonyeshwa bastola sebuleni ili siku moja aitumie, huenda anafundishwa kuvunja sheria. Raia wa nchi zetu wenye bunduki ni wachache mno. Makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 hayafikishi silaha mbili kwa kila watu mia, wakati Marekani zinazidi 120. Ila kwa mke wa mmoja wa hao wachache, uchache wa nchi nzima si faraja.

Tuseme basi wawili wamekaa, wamezungumza, na wote wamekubali. Mazungumzo hayo yanapaswa kuwa yamejibu maswali ambayo uwanja wa shabaha hauyajibu: silaha italala wapi, risasi zitakaa wapi, nani ana namba ya siri, watoto wa jirani wakija kucheza itakuwaje, na mmoja wetu akibadili mawazo mwakani tutafanya nini. Kuhusu kufuli ushahidi hauna utata mwingi. Utafiti wa David Grossman na wenzake wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuifungia bunduki, kuiweka bila risasi, kuzifungia risasi, na kuzitenga na bunduki, kila kimoja kwa nafasi yake kiliambatana na upungufu wa watoto na vijana kujiua au kujipiga kwa bahati mbaya. Mume atasema silaha iliyofungwa hivyo haifai mvamizi akiingia. Ni kweli kwamba inachelewa, na sefu ya kufunguka kwa alama ya kidole hupunguza uchelewaji huo bila kuumaliza. Hapo ndipo wawili wachague kwa macho makavu, hatari ipi wanaiogopa zaidi, na mke awe na uzito sawa katika kuchagua. Akisema nusu dakika ya kuchelewa ni bei anayoikubali, basi imekubaliwa.

Swali la kubadili mawazo ndilo linalosahaulika kuliko yote, na jibu lake zuri limetoka kwa wauza bunduki wenyewe. Mwaka 2009 huko New Hampshire watu watatu walinunua silaha katika duka moja ndani ya wiki moja na kila mmoja akajiua nayo. Mwenye duka hakunyamaza. Alishirikiana na wataalamu wa afya, ukazaliwa mpango wa kuwaelimisha wauzaji kutambua dalili na kuweka vipeperushi dukani, mpango ambao umeigwa katika majimbo mengi. Colorado ikaenda mbele zaidi: watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo walichora ramani ya maduka ya bunduki na vituo vya polisi vinavyokubali kuhifadhi silaha ya mtu kwa muda, bila maswali mengi, mpaka nyumba itulie. Duka au kituo kama hicho kitafutwe na wote wawili kabla bastola haijanunuliwa. Namba yake ya simu iandikwe mahali mke anapoweza kuiona, na wakubaliane kwamba mmoja akisema ipelekwe, itapelekwa siku hiyohiyo, na mabishano yatakuja baadaye.